Kikombe cha Alhamisi

Kikombe chenyewe ukikiona utacheka. Ni cha bati, cheupe, rangi imebanduka ukingoni na mkono wake umepinda. Mwenyekiti wetu, daktari mstaafu wa jeshi aliyeanza kupasua watu sisi wengine tukiwa bado hatujaota meno, alikileta kutoka nyumbani kwake akakiweka juu ya meza ya mkutano. Akatangaza kwamba atakayeutambua ugonjwa wa wiki atakinywea chai mbele ya wenzake, kisha atakaa nacho ofisini mpaka Alhamisi inayofuata. Basi sisi, watu wazima wenye magari na watoto wa chuo, tukaanza kugombea kikombe cha bati.

Alhamisi asubuhi ni siku ya somo letu. Daktari akishahitimu hamalizi kusoma. Lazima akusanye pointi kila mwaka, la sivyo leseni haihuishwi, na hospitali yetu, ya watu binafsi, upande wa Mengo hapa Kampala, iliamua pointi zikusanywe hapohapo badala ya watu kutoroka kazini kwa kisingizio cha semina. Utaratibu ni mmoja. Daktari analeta kisa cha mgonjwa wake, hataji jina, hataji ugonjwa. Sisi wengine tumekaa kwa fani kuizunguka meza: watoto, uzazi, upasuaji, mifupa, meno, koo. Moyo anakaa dirishani, kwa hiyo anasema mwisho. Kila fani inauliza swali moja, halafu inakisia.

Wapo waliokuja kwa ajili ya sambusa. Daktari wa meno alikuwa akisaini, anafunga sambusa zake kwenye tishu, anapotea. Wengine huingia kwa simu, kamera wamezima, unasikia jogoo wao na gari lao linaoshwa. Mimi nilikuja kwa ajili ya kikombe, na sioni haya kusema. Mimi ndiye moyo.

Kilikaa kwangu muda mrefu mpaka mama wa usafi akawa anakiosha pamoja na vyombo vyangu akidhani ni changu. Lakini chai yake haikuwa na utamu wowote wa pekee. Utamu ulikuwa kabla yake, pale fani zote zilipokwisha kukisia na kukosa, mwenyekiti akageukia dirishani na kusema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Haya, moyo nasema nini?" Kalamu zilikuwa zinawekwa chini. Hata waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna. Nilikipenda kimya kile kuliko ninavyopenda vitu vingi ambavyo mtu wa umri wangu anapaswa kuvipenda.

Halafu akaja yule wa koo.

Alikuwa Mkenya, amemfuata mumewe aliyehamishiwa Kampala na kampuni ya mizigo. Daktari wa masikio, pua na koo. Siku anatambulishwa, mwenyekiti alisimama akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikijiuliza kimoyomoyo ni nani hapa alikuwa mgonjwa.

Somo lake la kwanza alikaa kimya. La pili akauliza swali moja dogo, la kitoto nikaona mimi: mgonjwa huyu hupenda kula nini? Daktari wa watoto akacheka. Jibu likawa kwamba mgonjwa hapendi tena nyama, inamkwama, na kutoka hapo yule wa koo akaufuata ugonjwa mpaka nyumbani kwake kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Zamu ilipofika dirishani nilikuwa na jibu lilelile mdomoni. Nikasema, "Nakubaliana na mwenzangu." Hujui uchungu wa maneno hayo mpaka uyaseme mbele ya watu waliozoea kukunyamazia.

Kikombe kikahamia kwake. Alikiweka juu ya meza yake karibu na kile kioo cha kuchungulia koo, na akafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Alikijaza peremende za watoto. Watoto wakawa wanatoka chumbani mwake wanacheka, mashavu yamevimba. Ningesemaje? Nikasema kwa wauguzi kwamba sukari inaozesha meno. Wakaniangalia.

Nilitaka kirudi. Zaidi ya hapo, nilitaka kimya changu kirudi. Nilianza kusoma usiku magonjwa ya fani zisizonihusu, nikawa najua habari za magoti na kondo la nyuma ambazo daktari wa moyo hana kazi nazo. Haikusaidia. Mimi nilikuwa nasoma magonjwa, mwenzangu alikuwa na kipaji cha kuuliza lile swali moja. Ilikuwa inaniuma hasa kwa sababu lilikuwa swali ambalo yeyote angeweza kuliuliza.

Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nakula kwa mama yangu, Old Kampala, katika nyumba ambayo babu wa babu yangu aliinunua alipokuja na biashara zake za nguo kutoka pwani. Mama amefundisha Kurani watoto wa mtaa ule miaka mingi, wasichana kwa wavulana, na wengine sasa wanamletea wajukuu wao. Ijumaa ndiyo siku yake ya pilau na ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kutapika nyongo.

"Leo kafanya nini mwenzio?" alikuwa akiniuliza, nami naanza.

Nilimweleza jinsi anavyoongea na wagonjwa Kiswahili kama anawajua toka utotoni. Jinsi anavyovuta kiti akakaa mbele yao, magoti kwa magoti, badala ya kukaa nyuma ya meza. Jinsi anavyopoteza muda, mgonjwa mmoja anamsikiliza mpaka foleni inafika getini. Mama alikuwa anatikisa kichwa, ananiongezea kachumbari. Wakati mwingine simu yangu ililia nikatoka barazani, nikirudi sahani imefunikwa. Kama alikuwa anataka kusema kitu, nilimwambia, "Mama, ngoja kidogo, nakuja."

Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Niliisikia, siwezi kusema sikuisikia. Mtu anayesomesha watoto alif, be, te kutwa nzima, na vumbi la barabara ile inayochimbwa kila mwaka, sauti itaacha kukwaruza? Nilimwandikia dawa ya kikohozi. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, sauti yangu imekwenda Hija, mimi imeniacha hapa," tukacheka sote wawili mpaka akakohoa. Niliona pia kwamba siku hizi anasali ameketi. Nikasema ni magoti.

Sasa ikaja Alhamisi ambayo kisa kilikuwa cha yule wa koo mwenyewe.

Kwa kawaida mleta kisa hakisii, kwa hiyo nilijua tangu ngazini kwamba leo hawezi kushinda. Nilivaa vizuri. Nilikula sambusa moja tu ili nisikutwe mdomo umejaa zamu yangu ikifika.

Alisimama. Alisomesha bila karatasi, kwa Kiingereza, kama tunavyofanya sote. Mwanamke mtu mzima, kazi yake inahitaji sauti. Sauti imekwaruza kwa miezi. Havuti sigara. Alipotumbukiza kamera kooni hakuona uvimbe, hakuona kidonda, ila uzi wa sauti wa kushoto umelala, hautikisiki. Akakaa.

Watoto wakauliza wakakosa. Uzazi wakauliza kuhusu tezi ya shingo, wakakosa. Upasuaji wakasema ni saratani ya pafu, na mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo, lakini picha ya kifua haikuwa na saratani. Mifupa alisema hajui, naye akapigiwa makofi kwa ukweli wake.

Mimi wakati huo moyo unanidunda kwa furaha. Nilikwisha kuona. Ule mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto haupandi kooni moja kwa moja. Unateremka kwanza kifuani, unapita jirani kabisa na moyo, ndipo unapanda. Valvu ya moyo ikisinyaa, damu inarundikana nyuma yake, chumba cha juu kinavimba, vilivyo karibu vinasukumana, na mshipa ule unabanwa. Mgonjwa anakwenda kwa daktari wa koo kumbe mwizi yuko chini. Ni ugonjwa wa nadra unaosomwa mara moja chuoni na kusahaulika. Yule mwanamke alikuwa ameniletea ugonjwa wangu mwenyewe, kwenye sahani, mbele ya watu wote! Karibu nimhurumie.

"Haya," mwenyekiti akageuka, "moyo nasema nini?"

Kalamu zikawekwa chini. Kimya changu kikaja. Nikakiacha kikae kidogo, nikauliza swali ambalo lilikuwa la kuthibitisha tu.

"Usiku mgonjwa analalia mito mingapi?"

Yule wa koo hakunitazama. Alitazama meza.

"Halali kitandani tena," alisema. "Akijinyoosha anakosa pumzi. Analala kwenye kiti sebuleni. Hakumwambia mtu, maana mwenyewe ni mcheshi, kila kitu anakifanya mzaha." Hapo akaacha Kiingereza, akayasema maneno ya mgonjwa kama yalivyosemwa. "Aliniambia, sauti yangu imekwenda Hija, mimi imeniacha hapa."

Chumba kizima kikacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliompenda mgonjwa wasiyemjua.

Kile kiti nakijua. Kiko karibu na dirisha, kina mto wa kijani ambao niliununua mimi. Ijumaa mbili tatu nilikikuta kina blanketi, nikalisukuma pembeni ili nikae.

"Moyo?" mwenyekiti akasema.

Nikajibu. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilitaja valvu, nikataja chumba kilichovimba na mshipa uliobanwa, nikaeleza yote kwa mpangilio kama mwanafunzi wa udaktari wa Mulago siku ya mtihani. Nilipomaliza, yule wa koo alisema, "Ndiyo. Nimemsikiliza kifua, na eksirei inaonyesha moyo umetanuka. Anahitaji daktari wa moyo."

"Kikombe naludi kwa moyo!" mzee akapiga meza.

Walinimiminia chai. Ni desturi, lazima uinywe wote wakikuangalia. Kwa upande wa ndani, chini kabisa, kulikuwa na peremende moja imenata, haijaoshwa ikatoka, na chai ikawa tamu kupita kiasi. Nilikunywa mpaka mwisho. Nilikuwa nawaza kwamba mtu yule amemshika mama yangu kidevu, amemwambia fungua mdomo, sema aaa. Kwamba mama alikaa mbele yake, magoti kwa magoti, na foleni ikafika getini. Alimwambia habari za kiti. Mimi nimezaliwa na mama huyu, nami sikuambiwa habari za kiti.

Mwenyekiti ana swali lake la kufungia somo. Anapenda tuondoke nalo. "Nani ingeweza kujua hii mapema?"

"Nyumbani," upasuaji akasema. "Hana watoto?"

"Anao," yule wa koo akajibu haraka. "Wana kazi nyingi."

Nilimkuta yule wa koo kwenye korido karibu na mizani ya kupimia wagonjwa. Sikumsalimu.

"Ulijua ni mama yangu."

"Nilijua, Daktari. Pole."

"Tunapishana kila siku kwenye ngazi hizi!"

"Alinikataza. Si unajua mwenyewe, mgonjwa akisema usimwambie mtu, basi." Alikuwa ameshika funguo zake kwa mikono miwili. "Nilimbembeleza sana akuambie. Akasema nilete kisa hapa. Akaniambia, binti yangu Alhamisi hakosi."

Ningependa kusema nilimshukuru. Nilimwambia kikombe kilikuwa kichafu.

Sikungoja Ijumaa. Nilimkuta mama madrasani kwake, yaani ukumbini, kwenye mikeka, watoto wanasoma naye anawafuata kwa kijiti bila kutoa sauti. Msichana mkubwa ndiye aliyekuwa akitamka mbele, wengine wanamfuata. Kumbe hata kazi yake alikuwa ameshaigawa. Aliponiona nimekuja na viatu vya kazini, siku si yangu, akawaruhusu watoto.

"Kale, haya basi, umekwishasomeshwa," alisema. Ile sauti ilikuwa nyembamba, inapita kama upepo chini ya mlango.

"Mama, kwa nini yeye?"

"Sasa nani?"

"Mimi! Mimi ndiye daktari wa moyo!"

"Nilijuaje kama ni moyo? Mimi nilikuwa naumwa sauti." Akatandika kanga mapajani. "Na tena wewe ndiye uliyenielekeza."

"Mimi?"

"Kila Ijumaa unamsema. Anakaa magoti kwa magoti. Anasikiliza mpaka foleni inafika getini. Anauliza mtu anapenda kula nini. Nikasema moyoni, bambi, maskini mimi, daktari wa namna hii yuko Kampala hii hii na mimi nahangaika na dawa ya kikohozi? Nikachukua boda nikaenda."

Sifa zote nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, huku nikitafuna pilau.

"Ungeniambia nyumbani," nilisema baadaye. "Ungeniambia tu, mama, silali."

"Nimekuambia." Hakusema kwa ugomvi. "Ila hapa ukinisikiliza, unanisikiliza umesimama. Nikaona nikuambie kule unakokaa."

Nilitoa kipimo cha kusikilizia moyo kwenye mkoba. Nilikuwa nimekuja nacho, kama askari anayekuja na bunduki harusini. Nikaingiza mkono chini ya kanga na kukiweka kifuani mwake, naye akashtuka, akasogea nyuma.

"Baridi! Mwenzio hukipasha kwanza."

Nikakitoa nikakisugua kwenye kiganja. Nilimchukia yule mwanamke wakati ule kuliko Alhamisi zote. Kisha nikasikiliza, na ulikuwepo, ule mngurumo wa chini wa valvu iliyosinyaa, wala haukuwa umejificha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeusikia.

Mama alikubali kuja kupimwa eko, ile mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo, kwa sharti moja. Yule wa koo awepo. Nilimwambia kwamba fani ya koo haihitajiki kwenye eko, kwamba chumba ni kidogo, kwamba mwenzangu ana wagonjwa wake. Mama akasema basi haji. Ikabidi nipande ghorofa ya juu mimi mwenyewe, nibishe mlango ambao nilikuwa naupita nimegeuza shingo, niombe. Alikubali kabla sijamaliza. Hata hilo liliniudhi, angalau angenifanya niombe kidogo.

Siku hiyo nilizima taa, nikamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, mgongo umeegemea mito mingi. Yule wa koo alikaa upande wa kichwani, akachukua mkono wa mama bila kuombwa, kana kwamba mkono ule umekuwa wake siku zote. Walikuwa wanaongea. Mama anamsimulia habari za harusi ya jirani, mwenzangu anacheka polepole, anasema, "Ati mama! Walikosa chakula kabisa?" Kwenye kioo moyo wa mama yangu ulikuwa unafunguka na kufungika. Chumba cha juu kilikuwa kikubwa mno, na mlango wake mdogo, mgumu, ukipitisha damu kwa shida. Ugonjwa huu unatibika. Nilijua mtu wa kumpelekea, nilijua dawa za kuanzia siku hiyohiyo, na mikono yangu ilijua kazi yake hata kama mimi nilikuwa nimepotea.

Lakini picha ilikuwa inacheza kila anapoongea. Nilihitaji atulie, ashike pumzi, nisikie damu inavyopita.

"Mama," nilisema, "tafadhali nyamaza kidogo. Nasikiliza."

Akageuza kichwa juu ya mto akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mwanga wa mashine ulikuwa unamwangaza shavu moja.

"Leo ndiyo unasikiliza," alisema kwa ile sauti iliyokwenda Hija, "na leo ndiyo ninyamaze?"

Kisha akanyamaza, akashika pumzi kama nilivyomwomba. Nikapima kila nilichotakiwa kupima. Mkono wake ulikuwa bado uko ndani ya mkono wa mwenzangu.